Wino Usiohama

Ukitaka ugomvi na Janefer Onchiri, ilitosha umwambie kwamba mstari wake umepinda. Mengine angekusamehe. Ungesema chai yake inanuka moshi, angecheka. Ungesema mumewe, aliyefanya kazi kiwanda cha chai kule Mogogosiek na kurudi nyumbani mwisho wa juma, anakoroma kama boila, angekuongezea chumvi yeye mwenyewe. Lakini mstari? Mama huyo alikuwa amepiga taipu ofisini mwake, sokoni Kapkatet, miaka na miaka: mapatano ya kuuziana ng'ombe, mialiko ya harusi, barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi. Hakuna aliyewahi kuona jina la mtu likiteleza kutoka mahali pake.

Ustadi wake ulikuwa kwenye tab, kitufe cha kupangia safu. Taipureta yake, jitu la chuma la kijivu, ilikuwa na vijino vidogo mgongoni. Unavifuta vyote, unasogeza karatasi hadi pale unapotaka, unabonyeza, tiki, kijino kinasimama. Kuanzia hapo kila ukigusa tab, karatasi inakimbia na kusimama papo hapo, kama ng'ombe anayejua mlango wa boma lake. Ukurasa ukiisha, Janefer alifuta vijino na kuweka vipya kwa ukurasa unaofuata. Yale ya nyuma hayakumhusu tena. Ulichopiga umepiga. Wino ukishashika karatasi, hata uitupe mashine mtoni, jina litabaki palepale.

Katikati ya miaka ya tisini ikaingia kompyuta. Janefer aliinunua kuukuu kutoka ofisi moja ya shamba la chai iliyokuwa ikibadilisha mitambo, akamwita fundi wa rangi aongeze neno KOMPYUTA kwenye kibao cha mlangoni. Herufi hizo zilikuwa kubwa kuliko jina lake. Watu walipita wakachungulia, naye akaketi mbele ya kioo chake, mgongo wima, kana kwamba alizaliwa akikitazama.

Ukweli ni kwamba aliijua kompyuta nusunusu. Alikuwa amejiandikisha kozi mjini Kericho, na mwanzoni alienda kwa bidii. Halafu siku moja mwalimu, kijana mwenye tai fupi, akasema somo la leo ni kupanga tab na kuingiza mistari ndani. Janefer akaona ametukanwa. Yeye afundishwe tab? Yeye aliyepanga tab mwalimu huyo akiwa bado ananyonya? Akafunga mkoba wake, akaondoka, na hakurudi tena. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini wahenga hawakuwa na kibao chenye rangi mbichi mlangoni. Alipofika Kapkatet aliwaambia watu amemaliza kozi, na watu wakampongeza.

Miongoni mwa waliompongeza alikuwa Kogo Rodah. Kogo ni bibi kwa lugha ya Wakipsigis, na Janefer, ingawa yeye ni Mkisii, alimwita hivyo kwa sababu ambayo Kapkatet yote iliijua. Miaka michache kabla ya kompyuta, mwaka ule wa vurugu za makabila, majirani walipoanza kuulizana lugha ya nyumbani, Janefer alikimbilia kwa Rodah ng'ambo ya mto. Wanaume walipokuja kubisha, Rodah alisimama mlangoni na kifimbo chake, akasema, "Huyu ni wa nyumba yangu. Mkimtaka, anzeni na mimi." Wakaondoka. Robert, kijana mkubwa wa nyumba hiyo, ndiye aliyebeba taipureta begani hadi ghalani na kuifukia kwa magunzi. Tangu siku hiyo Janefer hakuchukua pesa kwa Rodah, na Rodah hakutoa pesa. Akija na karatasi ya kupigwa, alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yale ya mgando yenye majivu, wakanywa pamoja, kazi ikaisha.

Sasa, nyumba hiyo ya Rodah ilikuwa na historia yake. Rodah alikuwa mke wa kwanza wa Mzee Koros, na hakujaliwa mtoto. Mzee akaoa mke wa pili, Dorcus, akapata wana, mkubwa wao akiwa Alfayo. Rodah hakulia mbele ya mtu. Alifanya kama desturi ya huko inavyomruhusu mwanamke wa namna yake: aliuza mazao yake miaka mingi, akakusanya ng'ombe, akamtolea mahari msichana aitwaye Chelimo, ili Chelimo azae kwa jina la nyumba yake. Chelimo akamzaa Robert na wadogo zake. Kwa mila, hao ni watoto wa Rodah, wana wa Mzee Koros, na moto wa nyumba yao hauwezi kuzimwa na mtu. Lakini kanisani walikuwapo walionong'ona kwamba mwanamke kumwoa mwanamke ni mambo ya giza. Rodah aliwasikia, akaendelea kukaa benchi la mbele.

Mzee Koros alipofariki, Rodah alikuja kwa Janefer mwenyewe, kibuyu mkononi.

"Janefer," akasema, "ile karatasi ya mazishi, mimi sijui kusoma. Lakini watu watasoma. Hii watoto ya Chelimo uniwekee chini yangu kabisa. Si kando, si nyuma. Chini ya jina yangu."

"Kogo, hiyo usijali. Hii mashine mpya inapanga watu vizuri kuliko ile ya zamani."

"Sawa. Wewe ni wa nyumba, unajua."

Na kwa kweli alipanga vizuri. Ukurasa wa familia ulikuwa na nyumba mbili, Rodah kushoto na Dorcus kulia. Juu ya kioo kulikuwa na rula ndogo ya kupangia tab. Janefer akaweka alama moja, kituo cha tab, karibu na ukingo, ili watoto wa Rodah waingie ndani kidogo chini ya jina lake, na nyingine katikati ya ukurasa, kwa ajili ya watoto wa Dorcus. Chelimo, Robert na wadogo zake wakakaa chini ya Rodah, Alfayo na nduguze chini ya Dorcus. Janefer alitazama, akatabasamu, akapiga funda la mursik.

Kisha akaendelea na ukurasa wa ratiba ya ibada. Huko alihitaji kituo kimoja tu, katikati, kwa majina ya wasemaji. Akafanya alichofanya maisha yake yote: akafuta vituo vyote, akaweka kipya.

Hakujua kwamba kwenye mashine ile rula ni moja kwa kazi nzima. Ukiigusa chini, na ya juu inasogea. Ukurasa wa familia ulikuwa umeshapanda juu ya kioo, hauonekani, na kule juu watoto wa Rodah, walipokosa kituo chao cha karibu, walikimbia mpaka kituo cha kwanza walichokikuta. Kilikuwa katikati ya ukurasa, chini ya jina la Dorcus. Wa Dorcus wakasukumwa mbele zaidi, majina yakasongamana yote upande wa kulia. Ni jambo ambalo mwalimu mwenye tai fupi alilieleza asubuhi ile ile Janefer alipofunga mkoba. Rudi juu uangalie kabla ya kuchapisha, aliwaambia wanafunzi wake. Janefer hakurudi juu. Mpiga taipu hodari harudii ukurasa uliokwisha.

Printa ikalia, nakala zikatolewa kwenye duka la jirani lenye fotokopi, na Janefer akaketi kuzibana kwa pini. Nje pikapu ilikuwa imeshawashwa, dereva akipiga honi, kwa maana jeneza lilikuwa limeshatangulia. Ndipo akaona. Chini ya jina la Rodah palikuwa peupe. Chini ya Dorcus walikuwa wamejaa watoto wote wa boma, Chelimo mwenyewe akiwa juu yao kama binti yake.

Alijua kilichotakiwa: atoke, amwambie dereva asubiri, apige upya ukurasa ule mmoja hata kwa taipureta. Lakini angemwambia nini? Fotokopi wangejua. Dereva angejua. Kibao kilikuwa pale mlangoni, rangi yake bado inang'aa. Nani husoma karatasi hizi, akajiambia, watu huzitumia kujikinga jua. Akabana pini ya mwisho, akampa dereva mzigo wote, na hata akamwambia safari njema.

Mazishini alikaa nyuma. Mchungaji aliyeongoza alikuwa mgeni aliyehamishwa hivi karibuni, mtu mwema, asiyejua boma lile hata kidogo. Alisoma alichopewa. Ilipofika zamu ya wana kuitwa kutupa udongo, nyumba kwa nyumba, aliinua karatasi.

"Nyumba ya kwanza, mama Rodah. Mama yetu huyu hakujaliwa mtoto. Tunamwombea faraja ya Bwana." Akageuza macho kulia. "Nyumba ya pili, mama Dorcus. Chelimo, Alfayo, Robert..."

Robert alikuwa ameshapiga hatua kuelekea kaburini, udongo mkononi. Akasimama. Watu wakamtazama Rodah. Na Rodah, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha mjane na shuka mabegani, alitazama mbele tu. Kidevu kilikuwa kimeinuka, na mdomo wake ukawa unatetemeka kama wa mtoto anayejikaza asilie. Kutoka benchi la akina mama wa kanisa mtu mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Amina."

Janefer aliinama akajifanya anafunga kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Angeweza kusimama. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye kuliko yote. Pale pale angeweza kusema, samahani mchungaji, hapo nimekosea mimi, na ingekuwa kicheko kidogo na kuisha. Badala yake alikula wali wa matanga, akampa Rodah mkono, akarudi nyumbani.

Haikupita muda Rodah akaja ofisini. Mkononi hakuwa na kibuyu. Alikuwa na ile karatasi, imekunjwa hadi imechakaa.

"Nataka kujua kitu moja tu," akasema. "Nani alikutuma?"

"Kogo?"

"Najua si wewe. Wewe ni wa nyumba yangu. Ni Alfayo? Alikuja hapa akakuambia uweke watoto yangu kwa mama yake? Wanataka kugawa shamba ya chai. Wanataka kusema mimi sina mtu."

Hapo mlango wa toba ulikuwa wazi tena, wazi kabisa, na Rodah mwenyewe ndiye aliyeufungua. Janefer alitazama ile kompyuta. Alitazama meza. Kisha akasikia mdomo wake ukisema, "Kogo, mimi nilipiga tu vile nililetewa."

Alisema maneno hayo tu, na maneno hayo yalitosha. Rodah aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyethibitishiwa alichokijua, akaondoka.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Janefer ilikuwa na urefu wa kutoka boma la Koros hadi Kapkatet. Siku ukoo ulipokutana baada ya wafiwa kunyolewa nywele kumaliza matanga, aliyetokea mlangoni mwa ofisi alikuwa Alfayo. Alikuwa mtu mzima mwenye mikono migumu ya mchuma chai, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama," akasema kwa heshima, jambo lililomuumiza Janefer kuliko tusi, "mama mkubwa amesema mbele ya wazee nilikuja kwako nikakuhonga. Wazee wanataka niape. Kwetu mtu haapi hivi hivi, kiapo inaweza maliza watoto. Mimi sijawahi hata kuingia hii nyumba yako. Twende ukaseme mwenyewe."

Akaenda. Nini kingine angefanya? Walitembea pamoja kuvuka mto na kupanda katikati ya michai, Alfayo mbele, yeye nyuma.

Wazee walikuwa wamekaa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya Rodah. Rodah alikaa kwenye kigoda, Chelimo na Robert nyuma yake. Walimpa Janefer kiti kama mgeni. Hakukikalia.

"Alfayo hakunituma," akasema. "Hakuna mtu alinituma. Ni mimi nilikosea."

"Umekosea aje?" akauliza mzee mmoja. "Wewe huwa hukosei."

Akajaribu kueleza. Rula, vituo, ukurasa wa juu na wa chini. Waliangaliana. Karatasi gani hii inayotembea? Mwishowe macho yake yakaangukia ufito ulioegemezwa ukutani, ile fimbo nyoofu ambayo mchumaji huilaza juu ya mchai ili ajue achume hadi wapi.

"Muone hiyo fito," akasema. "Ukishachuma huu mstari, ukisogeza fito kwa mstari mwingine, ile umechuma si inabaki vile uliacha? Taipureta yangu iko hivyo. Lakini hii kompyuta, ukisogeza fito leo, hata majani ya jana inasogea. Mimi sikujua. Niliwaambia watu nimesoma kompyuta, na sikumaliza kusoma. Niliondoka siku ya kufundishwa hiyo kitu."

Mtu mmoja akacheka, wengine wakafuata, kicheko cha afueni zaidi kuliko cha dharau. Mzee akapiga goti lake akasema basi jambo limekwisha, mashine ndiyo mchawi. Wangeishia hapo. Lakini Rodah hakuwa amecheka.

"Uliona lini?" akauliza.

Janefer akautazama tena ule ufito.

"Ile makosa. Uliona lini, Janefer?"

"Nikibana karatasi," akasema Janefer. "Kabla gari haijatoka."

"Uliona."

"Niliona, Kogo."

"Na mimi nikiwa kwa kiti, akisema sina mtoto, wewe ulikuwa umekaa pale unajua."

"Ndiyo."

"Na nikakuja kwako nikakuuliza."

Janefer alitamani Rodah amtukane, ampige hata kwa kile kifimbo alichowafukuzia watu siku ile. Badala yake Rodah aliinuka kwenye kigoda chake. Alikuwa amezeeka, ilimchukua muda. Akatembea hadi alipokaa Alfayo, na mbele ya ukoo mzima, mjane yule akainamisha kichwa chake kilichonyolewa.

"Mtoto wangu," akasema, "nilisema uongo juu yako mbele ya wazee. Unisamehe."

Alfayo aliruka akamshika mabega, akisema hapana mama, hapana, usiniinamie. Chelimo alikuwa akilia. Janefer alisimama kando ya kiti ambacho hakukikalia, akitazama mwanamke mwingine akitubu dhambi isiyo yake, na akajua kwamba hata akiishi miaka mia hatakiona tena kitu cha kumwaibisha kama hicho.

Shamba likagawanywa vizuri, nyumba ya Rodah ikapata fungu lake chini ya jina la Robert, na mchungaji, alipoelezwa, alisimama kanisani akasoma majina upya. Watu wa Kapkatet walimtania Janefer kwa muda. Walimwuliza kama kompyuta yake imeshahamisha mtu mwingine. Alicheka nao. Alimwita yule fundi wa rangi afute neno moja kwenye kibao, kisha akapanda gari kwenda Kericho, akaketi mbele ya kijana mwenye tai fupi, na kumwomba aanze na tab.

Rodah alikuja mara moja zaidi. Akasimama mlangoni hadi alipokaribishwa, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Nataka ile ukurasa ya watoto," akasema. "Niweke kwa nyumba. Lakini piga na ile ya zamani."

Janefer akaifunua taipureta ya kijivu. Akaweka vijino, akapiga jina la Rodah, na chini yake, wakiwa wameingia ndani kidogo, Chelimo, Robert na wadogo zake. Alipomaliza, Rodah akainama juu ya mashine.

"Robert iko wapi?"

Janefer akachukua kidole cha mama huyo na kukiweka juu ya jina.

"Sasa sogeza hiyo kitu yako."

Akafuta vijino vyote. Akaweka kimoja, tiki, akakifuta, akaweka kingine. Rodah hakukiondoa kidole. Jina halikusogea.

"Sawa," akasema, akaikunja karatasi na kuitia kifuani. Kisha akafungua fundo la leso yake, akatoa noti, akailaza mezani kando ya taipureta.

"Kogo, hapana," akasema Janefer, machozi yakimlengalenga. "Tafadhali. Mimi na wewe hatujawahi kulipana pesa."

"Mtu wa nyumba tunakunywa naye maziwa," Rodah akajibu, bila hasira. "Mwenye duka analipwa."

Janefer akaichukua ile noti, maana hakuwa na haki ya kuikataa.